Kissenji, Gisenyi, Rubavu: historia ya maneno ambayo watu wanatafutia



Zamu yangu ya historia imefika. Wengine mlitaka niandike juu ya vita tena, lakini vita tumeandika sana humu. Leo naandika historia ya maneno, yaani yale maneno mtu anayaandika kwenye simu akitafuta kitu: hoteli, fundi, samaki, shule ya mtoto. Ni historia changa, lakini inagusa mfuko wa kila mmoja wetu anayejaribu kuuza kitu akiwa hana duka barabarani. Mwenye duka mjini, mteja anapita anaona mlango uko wazi. Sisi wa kambini mteja hatuoni mpaka atutafute, na akitutafuta hatumii maneno yetu, anatumia yake. Hapo ndipo kazi yote iko.

Nianze na mji wenyewe, maana mfano uko hapa mlangoni.

Mji huu umeandikwa kwa majina kadhaa, na kila jina lina karatasi zake. Mwaka 1894 Mjerumani anayeitwa von Götzen alivuka Rwanda mpaka akafika Ziwa Kivu. Baadaye Wajerumani wakaweka kituo cha askari hapa ufukweni, na kwenye ramani zao wakaandika Kissenji. Ile K ya mwanzo mimi naona ilitoka kinywani mwa askari na wapagazi wa Kiswahili waliokuja nao, kwa sababu Kinyarwanda chenyewe kinageuza ki- kuwa gi- mbele ya herufi kama s na t. Sisi tunasema kitabu, jirani zetu wanasema igitabo. Sisi kitenge, wao igitenge. Basi Kisenyi na Gisenyi ni neno moja lililopita midomo miwili.

Mwaka 1910 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walikubaliana mpaka: Goma ikabaki kwa Wabelgiji, huku kwa Wajerumani. Watu waliokuwa wanauziana maharagwe wakaamka wako nchi mbili. Mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji yakavuka na kuuchukua mji, na wao kwenye makaratasi yao wakaandika Kisenyi. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962 maandishi yakawa Gisenyi, kama wenyeji wanavyotamka.

Halafu ikaja tarehe 1 Januari 2006. Serikali ilipanga upya nchi nzima: mikoa 12 ya zamani ikafutwa, ikawa minne pamoja na Jiji la Kigali, na wilaya 106 zikabaki 30. Majina mengi yaliyobeba kumbukumbu mbaya za 1994 yakawekwa pembeni. Ruhengeri ikawa Musanze, Butare ikawa Huye, Kibuye ikawa Karongi, Cyangugu ikawa Rusizi, Gitarama ikawa Muhanga. Gisenyi ikawa Rubavu. Jina Gisenyi halikufa, lilibaki kwa umurenge, yaani kata ya mjini, lakini kwenye mihuri, barua na vibao vya ofisi neno ni Rubavu.

Ofisi inaweza kubadilisha muhuri kwa siku moja. Mdomo haubadiliki hivyo. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma wakaanza kukimbia na magodoro kichwani, nilikuwa kati yao. Neno nililosikia njia nzima ni moja: twende Gisenyi. Sikusikia mtu hata mmoja aliyesema twende Rubavu. Na watu hao hao, siku ya amani wakitaka chumba cha kulala, au mahali pa kufanyia harusi kando ya ziwa, unafikiri wanaandika nini kwenye simu?

Sasa mchukue mwenye nyumba ya wageni, mtu mtiifu wa sheria, ametengenezewa tovuti, na kila ukurasa umeandikwa Rubavu, Rubavu, Rubavu. Mnyarwanda kijana wa Kigali aliyesoma shule baada ya 2006 anaweza kumpata. Mkongomani wa Goma, ambaye yuko umbali wa kutembea kwa mguu, anaandika Gisenyi na tovuti hiyo iko chini kabisa kwenye majibu, au haipo. Mzungu naye anaandika Ziwa Kivu kwa lugha yake na hajui jina lolote kati ya haya. Ni chumba kile kile na kitanda kile kile, lakini kina milango mitatu, na mwenye nyumba amefungua mmoja.

Hiyo ndiyo maana ya neno lililosahaulika kwenye utafutaji. Si neno gumu wala neno la siri. Ni neno ambalo mteja analo kinywani kila siku, ila mwuzaji hakuliandika mahali popote.

Lakini mashine inajuaje neno lipi ni la maana? Hapa lazima niwapeleke mbali kidogo, Uingereza, kwa mama mmoja ambaye nadhani angestahili kujulikana kambini. Anaitwa Karen Spärck Jones. Alizaliwa mwaka 1935. Mama yake alikuwa Mnorwe, na wakati wa Vita vya Pili alifanya kazi London katika serikali ya Norwe iliyokuwa uhamishoni kwa sababu Wajerumani walikuwa wameikalia nchi yao. Yaani katika nyumba hiyo walijua maana ya kuishi kwa lugha mbili, nchi yako ikiwa ng'ambo ya maji.

Mwaka 1972 Spärck Jones alitoa makala moja yenye wazo ambalo ukiambiwa unasema, kumbe ni hilo tu. Tuseme kambini kuna karatasi 1000 kabatini, na wewe unatafuta karatasi ya samaki aina ya sambaza. Ukiambia mashine itafute neno "mkimbizi", itakuletea karibu karatasi zote, kwa sababu neno hilo limejaa kila mahali. Halikusaidii. Ukiiambia "sambaza" italeta karatasi tatu, na yako imo. Neno ambalo limo kwenye karatasi chache lina uzito mkubwa kuliko neno lililomo kwenye karatasi zote. Aliweka wazo hilo kwa hesabu, na hesabu hiyo, au watoto wake, bado inatumika kwenye mashine za kutafutia. Alifariki mwaka 2007, wakati Google tayari inajulikana kila kona ya dunia.

Kwa mfanyabiashara mdogo somo hili ni tamu. Maneno makubwa, kama "hoteli" au "samaki" au "nguo", yako kwenye mamilioni ya kurasa, na humo tajiri atakupita tu. Neno dogo la kwenu ndilo lenye uzito.

Matajiri nao waligundua, na wakageuza maneno kuwa soko. Mwaka 1998 Mmarekani Bill Gross alianzisha injini ya kutafutia iliyoitwa GoTo, na ndani yake nafasi za juu ziliuzwa kwa mnada. Unataka kutokea mtu akiandika "viatu"? Taja bei yako, utalipa kila mtu akibonyeza. Wengi walimcheka, wakasema utafutaji wa kulipiwa ni rushwa. Mwaka 2000 Google nayo ikaanza kuuza matangazo kwa maneno, japokuwa iliyatenganisha na majibu ya kawaida, na hadi leo hapo ndipo pesa yake nyingi inatoka. GoTo ikabadilisha jina ikawa Overture, kisha Yahoo ikainunua mwaka 2003.

Kitu ambacho mimi nakipenda katika hadithi hiyo si mnada. Ni chombo kidogo ambacho Overture ilikiweka wazi kwa watu wote: unaandika neno, kinakuonyesha limetafutwa mara ngapi mwezi uliopita, pamoja na maneno ya jirani yake. Kabla ya hapo mfanyabiashara alikuwa anabahatisha mteja anasema nini. Ghafla akaweza kuona. Na alichoona ni kwamba watu hawasemi kama yeye. Daktari aliandika jina la ugonjwa kwa Kilatini, mgonjwa akaandika mahali panapomwuma.

Mwaka 2004 mwandishi Chris Anderson alieleza jambo hili kwa upande wa biashara na akalipa jina, mkia mrefu. Vitu vichache vinavyopendwa na wengi ni kichwa cha mnyama, na vitu vingi sana, kila kimoja kikipendwa na watu wachache, ni mkia. Ukiujumlisha mkia unakuwa mzito. Maneno ya utafutaji nayo yako hivyo. Google yenyewe husema kwamba katika kila maswali 100 inayopokea kwa siku, 15 hivi hayajawahi kuulizwa kabla. Fikiria hilo. Dunia nzima imeshika simu miaka yote hii na bado watu wanaleta maneno mapya kila asubuhi.

Sasa turudi ziwani, kwa sambaza wetu.

Kuna kikundi cha akina mama hapa, wakimbizi na wenyeji pamoja, wanaonunua sambaza asubuhi kwa wavuvi na kuwakausha. Mliowahi kuamka mapema mnajua wavuvi hao: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa usiku, nyimbo wakipiga makasia. Kikundi kilitengenezewa tovuti na kijana fundi mmoja, akalipwa. Tovuti nzuri kwa macho, picha ya ziwa, maneno ya Kiingereza yenye maana ya bidhaa bora za samaki kutoka Afrika. Miezi ikapita, hakuna simu. Waliponiita niangalie, nilisoma kurasa zote nne. Neno sambaza halikuwemo hata mara moja. Gisenyi halikuwemo. Fundi aliona ni maneno ya kienyeji, hayana heshima ya tovuti.

Mnisamehe nikikaa kidogo kwa samaki huyu, historia yake inachekesha. Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Ni mgeni kama sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, vifaranga vya samaki wadogo vilichukuliwa Ziwa Tanganyika na kumwagwa Kivu, kwa sababu Kivu ilikuwa na vijidudu vya majini vingi bila samaki wa kuvila huko katikati. Aina moja ilishika, ile wataalamu wanaita Limnothrissa miodon. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na mradi wa FAO hapa hapa Gisenyi wa kufundisha uvuvi wake, na ripoti zake nyingi ziko kwa Kifaransa chini ya jina hilo la kitaalamu. Samaki huyo huyo alipelekwa pia Ziwa Kariba miaka ya 1967 na 1968, na huko Zambia na Zimbabwe anaitwa kapenta.

Alikotoka, Tanganyika, Mtanzania anamwita dagaa na Mrundi anamwita ndagala pamoja na ndugu zake wengine wadogo. Alipofika Kivu akapewa jina jipya, sambaza, na Mnyarwanda akaongeza irabu yake, isambaza. Goma ukienda kwa wauzaji wa samaki wakavu utasikia pia fretins, la Kifaransa. Mkenya akiona picha atasema omena na Mganda atasema mukene, ingawa yule wa Ziwa Victoria ni aina nyingine kabisa. Kwa mlaji tofauti hiyo haipo: anataka samaki mdogo, mkavu, wa kukaanga na nyanya.

Na hapa pana mtego ambao fundi wetu hata angeandika sambaza ungemnasa. Kwa Kiswahili sanifu "sambaza" ni kitendo: sambaza habari, sambaza upendo. Huko Kenya, Sambaza ni huduma ya Safaricom ya kumtumia mwenzako salio la simu, na inajulikana na kila mtoto. Basi ukiandika "sambaza" peke yake, mashine inaona bahari ya salio na habari za kusambazwa, na samaki wetu anazama. Neno lenye uzito kwetu, lililo jepesi duniani. Dawa yake si kulitupa. Dawa ni kulifunga na jirani yake: sambaza Gisenyi, sambaza kavu, sambaza ya Kivu, isambaza zumye. Mkenya anayetafuta salio hataandika "kavu". Anayeandika "kavu" huyo ni wetu, na tayari ameshika pesa mkononi.

Tulipataje maneno hayo? Kwa daftari. Wengi wanadhani kazi hii ni ya kompyuta, lakini sehemu kubwa ni ya masikio. Akina mama wawili walikaa siku za soko Mbugangari, mwingine karibu na Petite Barrière ambako watu wanavuka kwenda na kutoka Goma na mizigo, na kila mteja alipouliza waliandika neno lake kama alivyolisema, bila kulisahihisha. Hiyo bila kulisahihisha ilikuwa vita. Mama mmoja aliyesoma Tanzania alitaka kuandika dagaa kila mara, kwa sababu ndiyo Kiswahili kizuri. Tukamwambia mama, hapa hatutoi mtihani.

Mwisho wa wiki mbili daftari lilikuwa na mambo ambayo hakuna hata mmoja wetu angeyabuni kitandani. Wateja wa Goma hawakuuliza ubora, waliuliza kipimo: gunia, ndoo, "kimbo" (lile kopo la mafuta ambalo wauzaji wanapimia). Mtu wa mgahawa aliuliza kama hawana mchanga. Mama mwenye mtoto mchanga aliuliza unga wa sambaza wa kuchanganya kwenye uji. Unga! Kikundi kilikuwa kinauza unga huo tangu zamani, na hakuna mahali kwenye tovuti palipoutaja.

Baada ya daftari ndipo simu. Tulichukua kila neno tukaliandika polepole kwenye Google bila kubonyeza, tukaangalia linapendekeza nini. Mapendekezo hayo yana historia yake pia: mhandisi wa Google, Kevin Gibbs, aliyatoa kama jaribio mwaka 2004, na mwaka 2008 yakawekwa kwenye ukurasa mkuu. Yanatokana na yale watu wengine wameandika, kwa hiyo ni kama kusikiliza sokoni, ila soko lenyewe ni kubwa. Mwaka 2006, mwaka ule ule Gisenyi ilipoitwa Rubavu, Google ilifungua chombo cha kulinganisha maneno kwa miaka, Google Trends. Ni bure. Unaweza kuweka majina mawili ya mji mmoja na kuona lipi linaandikwa zaidi, kutoka nchi gani. Jaribuni wenyewe, na jaribuni pia Ruhengeri na Musanze, Butare na Huye. Ila neno likiwa dogo sana chombo hiki kinakaa kimya, kinasema hakina data ya kutosha. Mimi nasema kimya hicho kisikutishe. Kama umelisikia neno mara tisa sokoni, hao tisa wapo.

Na kuna chombo cha tatu, Search Console, cha Google pia, nacho hakilipiwi. Hicho kinamwonyesha mwenye tovuti maneno halisi ambayo watu waliandika kabla ya kumwona. Thamani yake iko kwa maneno ambayo tovuti ilionekana lakini watu hawakubonyeza, au ilionekana kwenye ukurasa wa tatu. Huyo mtu alikuwa anapita nje ya mlango wako. Unachofanya ni kumwandikia ukurasa wake: kichwa cha habari chenye maneno yake, bei, kipimo, namna ya kulipa kwa MoMo, na njia ya mzigo kufika.

Kikundi kiliandika kurasa upya, fupi, kwa Kiswahili cha hapa, Kinyarwanda na Kifaransa, Kiingereza mwisho. Siwadanganyi kwamba wamekuwa matajiri. Simu zilizoingia ni chache. Lakini ya kwanza ilitoka Musanze, mgahawa, na mwenye mgahawa alisema alitafuta isambaza zumye. Ya pili ilikuwa mama wa Goma, alitaka unga.

Ndugu wa mashirika, sehemu hii ni yenu, mnisikilize kwa roho nzuri. Jambo hili si la samaki peke yake. Huko Nkamira ninakojitolea, watu wanafika wamechoka, simu ina chaji kidogo na megabaiti za kuhesabu. Mama anataka kujua kama kuna msaada wa kulipia mtoto shule. Anaandika "minerval", kwa sababu Kongo karo inaitwa minerval, na hata hapa Rwanda neno hilo linaeleweka. Shirika moja, silitaji, lina ukurasa mzuri kabisa wa jambo hilo, limeuandika kwa Kiswahili cha Dar es Salaam: ada, ufadhili wa elimu, walengwa. Mama hakuupata. Alikuja kuniuliza mimi, na mimi niliupata kwa sababu najua lugha ya ofisi. Bima ya afya ni hivyo hivyo: hapa watu wanasema mituweli, ukurasa unasema mfumo wa bima ya afya ya jamii. Kisombe ni sombe, Mtanzania anasema kisamvu, na mradi wa lishe unasema mboga za majani ya kijani kibichi.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi Rwanda mwaka 2017, Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mashine nazo zinajifunza: Google ilianza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009, Kinyarwanda mwaka 2020, Lingala mwaka 2022. Vizuri. Lakini Kiswahili walichofundishwa si cha Masisi wala Rutshuru. Neno letu likikosekana kwenye kurasa, mashine haiwezi kulibuni. Inajua kilichoandikwa.

Neno moja la tahadhari, maana nimeshaona vijana wanachangamkia jambo hili vibaya. Zamani, miaka ya 1990, watu walikuwa wanajaza maneno mia kwenye sehemu iliyofichwa ya ukurasa, msomaji haoni, mashine inaona. Mwuza matairi anaandika majina ya wanamuziki ili apate wageni. Mwaka 2009 Google ilitangaza wazi kwamba sehemu hiyo ya maneno haiiangalii tena katika kupanga majibu. Hata hivyo bado kuna mafundi wanaotoza pesa kuijaza. Msilipe. Na msirundike Gisenyi mara hamsini kwenye ukurasa mmoja kama kasuku, mashine inajua na mteja anakimbia. Mara moja kwenye kichwa, tena pale ambapo sentensi inaliita. Ukitaka majina yote ya mji yawepo, andika sentensi ya kweli: tuko Gisenyi, wilaya ya Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, dakika chache kutoka mpaka wa Goma. Milango yote imefunguka, na hakuna uongo ndani yake.

Kissenji nayo msiidharau. Si ya kuuzia samaki, lakini kama unatafuta ramani na picha za wakati wa Wajerumani, ukiandika Rubavu utapata hoteli tu. Ni vile vile kwa wanaotafuta makaratasi ya babu zao upande wa Kongo: Bukavu ilikuwa Costermansville, Kisangani ilikuwa Stanleyville mpaka 1966, Lubumbashi ilikuwa Élisabethville. Mzee wangu mmoja alitafuta shule aliyosomea kwa jina la leo akakata tamaa. Tulipoandika jina la wakati ule, picha ya jengo ilitokea, na miti yake mbele.

Kazi inayofuata ni ya mafundi wa kushona wa Nkamira, maana nao wameahidiwa ukurasa. Daftari tayari lina mushonaji, umudozi, couturière, fundi wa machini, fundi cherehani. Kwa kitambaa kuna kitenge, igitenge, pagne, liputa. Watu wa Masisi na Walikale bado hatujawasikiliza vya kutosha, na wale waliofika mwaka huu wana namna yao ya kuita sare za shule ambayo sijaikamata vizuri. Jumamosi saa tatu asubuhi tutakuwa karibu na bomba la maji, pale foleni inapoanzia, na kalamu mbili.